Madaftari ya Wanajeshi na Rejista ya Mwalimu

Elimu bila malipo, iliyoanza kutekelezwa Januari 2016 kufuatia Waraka wa Elimu Namba 5 wa mwaka 2015, iliondoa ada na michango ya lazima katika shule za msingi za serikali, na kwa hilo wazazi wengi wa mwambao wa Ziwa Victoria wanashukuru mpaka leo. Daftari, hata hivyo, lilibaki kuwa mzigo wa mzazi, pamoja na kalamu, sare, viatu na mkebe wa hisabati, kwa kuwa ruzuku ya shilingi 10,000 kwa mwanafunzi kwa mwaka ina kazi zake nyingine za kuendesha shule na kununua vitabu. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi katika mwambao wa Buchosa, upande wa magharibi wa Mkoa wa Mwanza, na makala haya nayaandika kuhusu jambo ambalo kwa miaka mingi nimelisikia likisifiwa kwa maneno mepesi, nalo ni wanajeshi kuwapelekea watoto wa vijijini vifaa vya shule wanapokuwa kazini mbali na makambi yao. Nimeliona kwa macho yangu hapa kwetu, na nimesimuliwa na mdogo wangu wa kiume ambaye alilifanya akiwa mlinda amani mashariki mwa Kongo. Naamini ni jambo jema, na naamini pia kwamba wema wake unategemea sana mikono ambayo daftari linapitia kabla ya kumfikia mtoto.

Anayetaka kuelewa hali ya vifaa vya shule kwetu aanze kwa kutazama mwezi. Dagaa huvuliwa usiku wa giza kwa kutumia taa, zamani karabai na siku hizi taa za betri na za sola, kwa sababu mbalamwezi inapowaka dagaa hawakusanyiki kwenye mwanga wa taa na mitumbwi hulazimika kupumzika. Kwa hiyo rejista ya mahudhurio ya darasa langu hufuata mwezi bila mtu yeyote kukusudia: siku za mbalamwezi madawati hujaa, na giza likiingia nafasi zinaanza kuonekana, kwa kuwa baadhi ya watoto wako mwaloni, ufukweni mitumbwi inaposhusha samaki, tangu alfajiri wakianika dagaa, wakiwageuza juani na kuwafukuza ndege, kwa ujira wa kopo la dagaa au sarafu chache. Mara nyingi sarafu hizo hizo ndizo zinazonunua daftari. Mtoto anakosa masomo ili apate mahali pa kuandika masomo, na sijawahi kumlaumu mama yeyote kwa hesabu hiyo, kwa sababu dagaa wa siku ile wasipoanikwa siku ile na mvua ikawakuta, familia nzima hukosa.

Katika hali hiyo watu hubuni njia. Nimeona daftari likikatwa katikati kwa wembe ili ndugu wawili wagawane, kila mmoja na kipande chake kilichoshonwa upya kwa uzi wa nyavu. Nimeona penseli ikivunjwa vipande viwili, na kipande kifupi kikitiwa ndani ya ganda la kalamu lililokwisha wino ili mkono mdogo upate cha kushika. Njia iliyoenea kuliko zote ni kuligeuza daftari: mbele huandikwa Kiswahili, nyuma huandikwa Hisabati, na masomo hayo mawili husogeleana wiki hadi wiki mpaka yakutane katikati. Mwalimu anayesahihisha hujifunza kuyafungua madaftari pande zote mbili bila hata kufikiri.

Wanajeshi walikuja kijijini kwetu kwa ajili ya zoezi la medani. Serikali ya kijiji ilikuwa imetangaza mapema kwamba kutakuwa na askari wengi porini, nyuma ya mashamba ya mihogo, na kwamba watu wasishtuke wakisikia milio. Hata hivyo, kwa wiki ya kwanza wazazi waliwasindikiza watoto wao shuleni, jambo ambalo si la kawaida kwetu. Watoto wenyewe hawakuogopa kitu. Asubuhi waliwasalimia askari waliokuwa wakikimbia barabarani, na jioni walirudi nyumbani wakiimba nyimbo za mchakamchaka walizozinasa njiani.

Siku moja baada ya vipindi vya asubuhi, sajini taji mmoja alikuja ofisini akiwa peke yake, bila silaha, kofia yake ikiwa mkononi. Alimwamkia mwalimu mkuu kwa heshima ambayo kijana humpa mama yake mzazi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Karibu ukae."

"Mama, vijana wangu wamechangishana kidogo kutoka kwenye posho zao. Kila asubuhi tunapishana na watoto barabarani, wengine hawana hata daftari mkononi. Tungependa kuleta kitu cha shule, ila hatutaki kuleta kitu ambacho hamkihitaji. Tuambieni ninyi walimu."

Sentensi hiyo ya mwisho ndiyo iliyonifanya niandike makala haya. Nimekaa katika kazi hii muda wa kutosha kupokea wageni wa namna nyingi, na wengi wao hufika wakiwa wamekwisha kuamua wanachotoa, nani atakipokea na picha ipigwe kutoka upande gani. Yupo mfadhili mmoja, ambaye sitamtaja, aliyewahi kutusimamishia watoto juani tangu asubuhi mpaka saa nane mchana wakimsubiri mgeni rasmi, kisha kila mtoto akapewa kalamu moja na kuelekezwa ainyanyue juu mpaka mpiga picha aridhike. Watoto wa Darasa la Kwanza na la Pili, ambao kwa utaratibu wetu huandika kwa penseli, walirudi nyumbani na kalamu za wino ambazo hawakuruhusiwa kuzitumia darasani. Mgeni huyo hakuwa na nia mbaya. Hakuuliza tu, na hakuna aliyemwambia kwamba kuuliza ni sehemu ya kutoa.

Mwalimu mkuu aliniita, kwa kuwa mimi ndimi mwalimu wa taaluma, akaniagiza nilete rejista za madarasa yote. Tuliorodhesha mahitaji darasa kwa darasa. Madarasa mawili ya chini yalihitaji penseli, vifutio, vichongeo, madaftari ya mwandiko na madaftari ya hesabu yenye vyumba. Kuanzia Darasa la Tatu, kalamu na madaftari ya mistari. Darasa la Saba, mikebe ya hisabati, kwa sababu mtihani wa taifa hufanyika Septemba na mwanafunzi asiye na bikari na rula huingia chumbani akiwa ameshindwa swali moja au mawili kabla hajaanza. Nilisita kidogo kabla ya kutaja taulo za kike. Sajini aliandika neno hilo kwenye kijitabu chake kwa mwandiko ule ule aliotumia kuandikia penseli, akauliza wasichana wa madarasa ya juu ni wangapi, kisha akaendelea na mstari unaofuata.

Mwalimu mkuu alikuwa na ombi moja la ziada, kwamba waje siku za mbalamwezi. Sajini ni mzaliwa wa kisiwa cha Ukerewe, na hakuhitaji kuelezwa mara mbili. Alicheka, akasema mama yake alimlea kwa dagaa, akaahidi kuzungumza na luteni wake ili siku ipangwe wakati mitumbwi iko nchi kavu, wazazi wako nyumbani na watoto wako darasani. Asiyeujua mwambao angeona tarehe zote ni sawa, lakini tarehe hiyo ndiyo iliyoamua kama wale wenye shida zaidi wangekuwepo au wasingekuwepo, kwa sababu watoto wanaokosekana siku za giza ndio hao hao wasio na daftari.

Siku ilipofika, lori la jeshi lilisimama nje ya uwanja, chini ya miembe, na halikuingia ndani ya eneo la shule. Silaha zilikuwa zimebaki kambini chini ya ulinzi. Afisa Elimu Kata alikuwepo, pamoja na mwenyekiti wa kijiji na kamati ya shule, na maboksi yalihesabiwa mbele yao na kuandikwa katika kitabu cha kupokelea vifaa kabla mtoto yeyote hajapewa chochote. Luteni aliyeongoza msafara alikuwa msichana ambaye, kwa kumtazama, hakuwa amefikisha miaka thelathini. Alizungumza kwa dakika chache tu, akawashukuru wanakijiji kwa kuwavumilia kwa kelele, akawaomba watoto wasiokote kitu chochote cha chuma watakachokikuta porini na badala yake wamwambie mwalimu, kisha akauliza kama kuna mwenye swali. Msichana mmoja wa Darasa la Sita alisimama.

"Afande, wewe unajua kuogelea?"

"Najua. Nilifundishwa jeshini, nikiwa mkubwa tayari. Na wewe?"

"Mimi najua tangu mdogo."

Uwanja mzima ulicheka, na luteni akacheka nao. Katika kisiwa au mwambao ambao watu wake wanakumbuka kuzama kwa meli ya MV Bukoba Mei 1996 na kupinduka kwa kivuko cha MV Nyerere Septemba 2018, swali hilo lilikuwa na uzito wake kwa yule mtoto, na nilifurahi kwamba lilijibiwa kwa ukweli.

Ugawaji ulifanyika madarasani. Askari walibeba maboksi mpaka mlangoni, mwalimu wa darasa akasoma majina kutoka kwenye rejista, na kila mtoto akapokea vifaa vyake kutoka mkononi mwa mwalimu akiwa amekaa kwenye dawati lake. Huu ndio utaratibu alioutaka mwalimu mkuu, na mwanzoni niliona askari wachache vijana wakiwa kama wamenyimwa kitu, maana walikuwa wametamani kutoa kwa mikono yao wenyewe. Naielewa hamu hiyo, na ni hamu njema. Lakini mtoto aliyeitwa jina lake kutoka kwenye rejista amepokea kama mwanafunzi mwenye haki ya kuwa pale, na kesho yake mwalimu anayemdai kazi ya nyumbani ni yule yule aliyempa daftari. Anayejipanga foleni nyuma ya lori hupokea kama mtu mwenye shida, na aliyeko mbele ya foleni huwa ni mwenye nguvu za kusukuma wenzake. Kwa waliokosekana siku hiyo, sajini mwenyewe aliandika majina yao juu ya mafungu yao, na mafungu yakafungiwa kabatini mpaka wenyewe walipokuja na wazazi wao.

Nilikuwa nimesimama katika Darasa la Pili wakati binti mmoja alipofungua daftari lake jipya. Alipitisha kidole kwenye mstari mwekundu wa pembeni kuanzia juu mpaka chini, akafunga daftari, akaligeuza, akafungua upande wa nyuma, akanitazama.

"Mwalimu, na nyuma ni somo gani?"

Nilimwambia kwamba nyuma hakuna somo, daftari hilo lote ni la kuandika, na la hesabu ni hilo jingine. Koplo mmoja aliyekuwa mlangoni hakuelewa kwa nini mtoto ameuliza hivyo, nami nikamweleza habari ya kugeuza madaftari. Aliniuliza Darasa la Pili wana masomo mangapi ya kuandika. Nilipomtajia kusoma, kuandika na kuhesabu, alihesabu madaftari yaliyokuwa juu ya dawati la binti huyo, akakuta ni mawili, akatoka kwenda kuzungumza na sajini wake, na kabla ya kengele ya mchana boksi jingine lilikuwa limeletwa kutoka kwenye lori. Katika orodha yetu tulikuwa tumeomba mawili kwa kila mtoto, kwa kuwa hatukuthubutu kuomba matatu.

Mdogo wangu alikwenda Kongo katika mazingira mengine kabisa. Kikosi chake kilikuwa sehemu ya Brigedi ya Kujibu Mashambulizi iliyoundwa kwa Azimio 2098 la Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa la tarehe 28 Machi 2013, ikiwakusanya wanajeshi wa Tanzania, Afrika Kusini na Malawi, na kamanda wake wa kwanza alikuwa Mtanzania, Brigedia Jenerali James Mwakibolwa. Brigedi hiyo ilishirikiana na jeshi la Kongo kuwashinda waasi wa M23 mnamo Novemba 2013, na baadaye ikaelekezwa eneo la Beni, ambako raia walianza kuuawa kwa wingi vijijini tangu Oktoba 2014. Usiku wa tarehe 7 Desemba 2017, kambi ya Semuliki ilishambuliwa na walinda amani wasiopungua 14 wa Tanzania wakauawa. Sisi tulio na ndugu jeshini tunaikumbuka wiki ile kwa namna simu zilivyokuwa zikiita bila kupokelewa.

Watoto wa Beni huzungumza Kiswahili, kwa lafudhi yao na maneno yao, na mdogo wangu anasema hilo ndilo lililowafanya askari wetu washindwe kupita mbele ya shule bila kusimama. Mtoto anapokuomba kalamu kwa lugha ya mama yako, humwoni kuwa mgeni. Nao pia walichangishana kutoka kwenye posho. Kamanda wao, hata hivyo, aliweka masharti ambayo mwanzoni waliyaona magumu. Hakuna kurusha wala kugawa chochote kutoka kwenye magari, kwa sababu watoto wakishazoea kupata kitu barabarani hukimbilia kila msafara unaopita, na gari la deraya halisimami kwa ghafla. Hakuna kugawa wenyewe darasani. Vifaa vikabidhiwe kwa mkuu wa shule, mbele ya chifu wa eneo na wawakilishi wa wazazi, kisha askari waondoke, na ugawaji ufanywe siku nyingine wakiwa hawapo. Na madaftari yasiwe na nembo yoyote ya Umoja wa Mataifa wala ya kikosi.

Sharti hilo la mwisho ndilo nililolifikiria kwa muda mrefu zaidi. Mtoto wa Beni aliyetembea kwenda shambani kwa bibi yake akiwa na mfuko wenye nembo ya wanajeshi angeweza kukutana njiani na watu ambao wanajeshi hao walikuwa wakipigana nao. Kile ambacho kwetu Buchosa ni zawadi tu, huko kingeweza kusomeka kama ushahidi kwamba familia fulani iko upande fulani. Hapa kwetu askari ni mtoto wa Ukerewe, wa Magu au wa Kwimba aliyekuja kufanya zoezi na ataondoka. Palipo na vita, askari ni upande mmojawapo, hata akiwa na moyo safi kiasi gani, na chochote anachomkabidhi mtoto huchukua kivuli cha upande huo.

Wengine wamelijua hili kwa gharama kubwa. Nchini Iraki, wanajeshi wa Marekani waliokuwa wakiona shule zisizo na vifaa waliandika barua nyumbani kuomba kalamu na madaftari, na mwaka 2004 mwigizaji Gary Sinise alishirikiana na wenzake kuanzisha mpango ulioitwa Operation Iraqi Children, uliokusanya vifaa kutoka kwa familia za Marekani na kuwapelekea askari wavigawe. Sina sababu ya kuitilia shaka nia ya mama aliyefunga kifurushi kile huko kwao. Lakini katika Baghdad ile ile, tarehe 13 Julai 2005, mshambuliaji wa kujitoa mhanga aliliendesha gari lenye bomu hadi mahali ambapo wanajeshi walikuwa wakiwagawia watoto pipi, na zaidi ya watu ishirini wakafa, wengi wao watoto. Kosa ni la muuaji, na hakuna hoja inayoweza kulihamisha kutoka kwake. Hata hivyo, aliyepanga watoto wakusanyike mahali hapo, kando ya magari ya kijeshi yanayowindwa, alikuwa mtu mzima mwingine.

Nchini Afghanistan mwaka 2004, karatasi zilizosambazwa na majeshi ya muungano kusini mwa nchi ziliwaambia wananchi kwamba watoe habari za wapiganaji ili misaada iendelee kuja. Mwaka huo huo wafanyakazi watano wa Madaktari Wasio na Mipaka waliuawa, na shirika hilo likaondoka nchini humo likilalamika, pamoja na mambo mengine, kwamba mpaka kati ya msaada na vita umefutwa. Ni kwa sababu za namna hiyo Mwongozo wa Oslo wa mwaka 1994, uliohuishwa mwaka 2006, unaelekeza kwamba majeshi ya kigeni yatumike katika misaada ya maafa pale tu ambapo hakuna njia ya kiraia inayoweza kufanya kazi hiyo. Mdogo wangu hakuwa amesoma mwongozo huo, lakini masharti ya kamanda wake yalikuwa yametoka kwenye fikra hiyo hiyo.

Baadhi ya wasomi wa mambo haya huhitimisha kwamba askari asimkaribie kabisa mtoto wa shule. Siwezi kwenda nao mpaka huko, na sababu yangu ni ya nyumbani. Jeshi letu liliundwa upya tarehe 1 Septemba 1964, baada ya maasi ya Januari mwaka huo kulivunja jeshi lililorithiwa kwa mkoloni, na likaitwa Jeshi la Wananchi kwa makusudi. Mwaka mmoja kabla, tarehe 10 Julai 1963, lilikuwa limeanzishwa Jeshi la Kujenga Taifa. Ipo mizigo katika historia hiyo pia, lakini kijijini kwetu bado wapo wazee wanaoikumbuka vita ya Kagera, Idi Amin alipoivamia nchi mwaka 1978 na wananchi wakatoa ng'ombe, mazao na fedha kwa ajili ya wapiganaji. Mzee mmoja wa kamati ya shule, aliyekuwa kijana mwaka 1979 wakati ndege ya Libya ilipokuja kudondosha mabomu Mwanza ikilenga matangi ya mafuta na kuishia kuua wanyama katika kisiwa cha Saanane, alimwambia yule luteni mbele yetu sote: "Mwanangu, ng'ombe wa baba yangu alikwenda Kagera. Leo naona amerudi akiwa madaftari." Luteni alimpigia saluti. Uhusiano wa namna hiyo hauwezi kununuliwa na posho ya askari, na hauwezi kupelekwa Beni ndani ya boksi. Lazima uwe umekuwepo kabla.

Kwa hiyo ninapoulizwa kama wanajeshi wafanye jambo hili, nauliza kwanza wako wapi na wako upande gani. Wakiwa nyumbani, katika kijiji kinachowajua, waje, wapite kwa mwalimu, waache bunduki kambini. Wakiwa ugenini penye vita, wakabidhi kwa mwenye shule na waondoke, na wakubali kwamba mtoto hatajua jina la aliyempa. Kwa yule askari kijana aliyenyimwa furaha ya kutoa kwa mkono wake, najua hilo ni gumu. Namwomba alipokee, kwa sababu furaha hiyo ndiyo hasa inayowakusanya watoto mahali pasipo salama.

Sitadai kwamba madaftari yale yalimaliza utoro wa siku za giza. Mitumbwi ilirudi ziwani, dagaa wakaletwa, na nafasi zikaonekana tena kwenye madawati. Kilichobadilika ni kidogo na ninakithamini: wazazi waliokuja kuchukua mafungu yaliyofungiwa kabatini walilazimika kukaa na mwalimu mkuu, wengine kwa mara ya kwanza tangu mtoto aandikishwe, na katika mazungumzo hayo kina mama wanne wanaoanika pamoja walikubaliana kupokezana kuwafukuza ndege ili watoto wao waende shule asubuhi na waje mwaloni baada ya vipindi. Kamati ya shule inajaribu kulifanya hilo liwe desturi ya mwalo mzima. Wenye mitumbwi wawili wamekubali, wengine bado wanazungumza.

Wala jambo hili halipaswi kumwondolea mtu mwingine wajibu wake. Posho ya koplo si bajeti ya elimu. Halmashauri zinazokusanya ushuru wa samaki na dagaa katika mialo yetu zina uwezo wa kufikiria daftari la mtoto anayefanya kazi katika mialo hiyo hiyo, na nimelisema hilo katika vikao vya kata, na nitaendelea kulisema kwa adabu mpaka lisikike.

Sajini wetu amehamishiwa kikosi kingine, lakini hupiga simu. Safari iliyopita aliuliza kipi kiliisha mapema, na tukamwambia ni madaftari ya hesabu yenye vyumba, kwa kuwa hayapatikani katika maduka ya hapa na mtu hulazimika kuyafuata Sengerema. Aliuliza pia kama wakija tena ni afadhali waje Septemba, wakati wa maadhimisho ya jeshi, ambapo vikosi vingi hufanya kazi za kijamii. Mwalimu mkuu alimjibu kwamba Septemba ni ya jeshi na Januari ni ya watoto, kwa sababu ndipo Darasa la Kwanza wanapoandikishwa na ndipo mfuko wa mzazi unapokuwa mtupu baada ya sikukuu. Orodha ya Januari tumekwisha kuiandaa. Imeanza na madaftari ya hesabu, matatu ya kila aina kwa madarasa ya chini safari hii, zikafuata penseli, na taulo za kike ziko mstari wa tatu, kabla ya chaki.